Papa Duka na Taa Yake Nyeupe

Majina ya watu hayanipotei. Shule niliiacha mapema, lakini uniulize nani aliuza wapi kwenye soko ya Bihambwe kabla ya vita, nani alikimbia na nani alirudi, nitakuambia mpaka na majina ya watoto wao. Kwa hiyo usifikiri nimesahau jina la huyu muntu. Ninalo, la ubatizo na lile la kwao Butembo. Siliandiki tu. Watoto wake wako hai, wanafanya kazi zao, na mimi mwenyewe uso unaniwaka nikifika kwenye habari zake. Nitamuita vile sisi wote tulimuita: Papa Duka.

Niseme kiini mapema nisije nikakizunguka. Wakati wa vita, usiku mumoja, Papa Duka alikuwa anateremuka mulima na kinga yake, baiskeli nyeusi ya Kichina, toroshi kali imefungwa mbele. Ndugu yangu Hangi alikuwa anapanda. Hangi aliona ule mwanga mweupe akafikiri ni basoda, askari wenye bunduki, akaachilia mizigo, akaruka kwenye bonde. Muguu wake wa kuume ulivunjika, haukupona sawa tena. Hangi hakujua ni nani aliyepita. Papa Duka alijua. Toka pale kazi yake kubwa hapa duniani ikawa kutafuta namna ya kumuambia Hangi, na kila mara akifika mbele yake, mudomo ulikataa.

Sasa nikuoneshe alikuwa muntu gani.

Alikuwa mufupi, mwenye tumbo dogo gumu, na koti moja la kijivu alilovaa jua na mvua. Duka lake lilitazamana na njia kubwa, na mimi niliuza mikate ya mafuta kwenye baraza yake, kwa hiyo nilimusikia siku nzima. Alipima chumvi kama muntu anayepima dawa. Punje ikizidi, anaiondoa kwa ukucha.

"Papa, ongeza basi," nilimuambia. "Hii chumvi haitafika hata kwenye mboga ya sombe."

"Mama Furaha, mizani yangu inasali kuliko mimi na weye. Haidanganyi."

"Na ukucha wako, nao unasali?"

Alicheka mpaka anashika meza, lakini punje haikurudi. Na huyohuyo, mutoto wa Bauma, rafiki yetu mwenye mbuzi, alipopata surua, alimupeleka hospitali kwenye kinga yake, mama amekaa nyuma na mutoto mugongoni, na hakudai kitu. Ukimushukuru anakasirika. "Muache hayo maneno, munaniharibia biashara. Kesho wote watataka kubebwa bure." Jumapili alifunga mulango wa mbele kwa heshima ya misa na kuuza sabuni kwa mulango wa nyuma. Bibi yake, Mama Kahindo, alimuambia Mungu anaona mpaka nyuma. Akajibu, "Basi ameona pia kwamba watu wanataka kufua."

Unaweza kuuliza kwa nini muntu mwenye duka atembee usiku wakati wa vita. Muchana njia ilikuwa imejaa bariere. Kila kona kamba imekatiza, na nyuma ya kamba kuna soda mwenye njaa. Alichotoa mufanyabiashara kwenye bariere moja kiliwashibisha, alichotoa kwenye ya pili kiliwachokoza tu. Usiku hao jamaa walilala ao walikunywa. Kwa hiyo wenye kinga walihama wakawa watu wa usiku, wale wanaopanda na mafuta ya mawese kutoka Walikale, na wale wanaoteremuka na chumvi, sabuni na nguo. Papa Duka alikuwa na neno lake: "Usiku iko muchana wenye hauna kamba."

Ila usiku huo ulikuwa na adabu yake, na hii lazima uijue. Kwetu, muntu hakutembea kimya gizani. Mbele ya kila kona unaita jina lako kwa sauti, unataja na pahali unatoka. "Ni mimi Bauma, wa Nyamitaba!" Yule wa upande wa pili anajibu kwa jina lake. Anayeteremuka anashika breki, anaegemea upande wa mulima, anamuachia njia yule anayepanda na mizigo, maana huyo akisimama hawezi kusukuma tena. Hakuna aliyewasha kitu. Macho yalizoea, njia yenyewe inang'aa kidogo hata bila mwezi. Na kwa sababu basoda hawakuita majina yao hata siku moja, sisi tulijua: kitu kinachokuja bila kuita ni cha kukimbia. Huulizi. Unatoka njiani.

Halafu zile toroshi za Kichina zikaja, zile zenye taa ndogo nyeupe. Kabla ya hizo tulikuwa na toroshi za mwanga wa manjano, zenye kuchoka haraka kama muzee. Hizi mupya zilikata macho. Papa Duka alizileta kwa katoni, na jioni ya kwanza alisimama kwenye baraza akamulika ukuta wa kanisa, kule ngambo. Ukaonekana wote, na nyufa zake. Watoto wakapiga kelele. Akamulika mbuzi za Bauma kwenye mulima wa pili, macho ya mbuzi yakawaka kama makala ya moto.

"Papa Duka, unaangalia mpaka mbinguni?" Bauma akamuuliza.

"Mbinguni bado. Majiwe yakiwa mupya, labda purgatori."

Hayo majiwe, betri za toroshi, ndiyo yalimupa faida, maana ile taa kali ilikula majiwe kama nguruwe. Yeye mwenyewe alichagua toroshi moja ya chuma, ndefu, akaifunga kwenye usukani wa kinga kwa vipande vya mupira wa tairi ya ndani. Aliifunga juu kabisa, imeelekea mbele, imulike mbali. Ilikuwa na kifungo cha kubonyeza: ukibonyeza unapata mwanga mukali, ukirudilia unapata mudogo, tena ukirudilia inapepesa-pepesa. Hiyo ya kupepesa aliitumia kufukuza mbwa za Burungu na alifurahi kama mutoto.

Hakuwa mujinga. Alijifunza na ile taa. Aliturudia siku moja amejaa mavi ya ngombe mpaka kwenye masikio, akatuambia kwamba kule Burungu ukungu ukishuka, mwanga mweupe unagonga ukungu na kukurudilia usoni, unakuwa kama ukuta wa chokaa, huoni hata gurudumu lako. "Nilikuwa na jua mukononi," akasema, "na nimelala ndani ya mavi." Alisimulia mwenyewe, hakuficha. Kwa hiyo ninaposema kuna jambo alilificha, ujue halikuwa desturi yake.

Kosa lake lilikuja kidogo kidogo. Kwa kuwa anaona mashimo yote, alianza kukimbia kwenye miteremuko. Na kwa kuwa anaona, akaacha kuita. Mama Kahindo alimuuliza, mimi nikiwa palepale nageuza mikate.

"Usiku unaita jina?"

"Niite nini? Nani hanioni na taa kama hii?"

"Wanaona taa," Mama Kahindo akasema. "Weye hawakuoni."

Akapunga mukono, akaenda kupima sukari.

Kilichotokea usiku ule wa Hangi, asubuhi yake tulikipata nusu. Bauma ndiye aliyepita wa kwanza pale mulimani, akaona mawe mekundu njia nzima, akafikiri ni damu, akaanza kusali. Yalikuwa mafuta ya mawese, bidoni mbili za Hangi zimepasuka. Kinga imelala. Hangi mwenyewe alikuwa chini kwenye matete, amejifunga muguu kwa shati, na alikuwa bado ananong'ona kwa sababu aliamini basoda wako karibu. Watu wakamubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka nyumbani, halafu kwa muzee wa Nyamitaba mwenye kuunga mifupa. Mufupa ukaungana, lakini kwa kupinda.

Mimi ndiye niliyepeleka habari dukani. Nilisema, "Papa, basoda wamemupata Hangi kwenye mulima usiku. Ameruka, muguu umevunjika." Papa Duka alikuwa ameshika mizani. Akaiweka chini polepole. Mama Kahindo akamuangalia, na yeye akaangalia mizani. Nilifikiri ni uchungu wa jirani. Nilimushukuru moyoni kwa kutuhurumia.

Toka wiki ile alibadilika na sisi wote tulicheka. Toroshi aliishusha kutoka usukani, akaifunga chini kabisa karibu na gurudumu, imeinama kwa ardhi, na akaifunika kwa kipande cha kitenge cha bibi yake mpaka mwanga ukawa rangi ya chai. Na jina lake akaanza kuliita. Si usiku tu, hata muchana, hata kwenye kona yenye unaona ngambo na hakuna muntu. Alikuja kutoka Nyamitaba saa sita za jua kali akijiita kwa sauti kubwa, jina la ubatizo na la kwao, "Ni mimi! Wa Bihambwe! Nateremuka!" mpaka sauti ikakauka. Watoto walimungojea kwenye kona na kumujibu kwa majina ya ngombe.

"Papa, unajiita ili usijisahau?" Bauma alimutania.

"Njo hivyo," akajibu. "Kabisa njo hivyo." Na hakucheka.

Zawadi nazo zikaanza. Muntu aliyeondoa punje ya chumvi kwa ukucha alinifungia sukari jioni, bila kupima, akasema ni ya chai ya mugonjwa. Halafu, muguu wa Hangi ulipokataa kurudi kwenye kinga, Papa Duka alileta kutoka Butembo mashini ya kushona, ya kukanyaga kwa muguu. Aliishusha kwenye mulango wa Hangi, akasema, "Utakanyaga na ule muzima," akaondoka kabla Riziki, bibi ya Hangi, hajapata hata muda wa kumupa kiti. Mimi nilisimama kwenye baraza yake mbele ya wateja wote nikamushukuru kwa sauti, nikamuita baba wa maskini, nikapiga na vigelegele. Leo nikikumbuka vile vigelegele natamani kujifunika kanga. Alisimama pale akavipokea kama muntu anayenyeshewa mvua.

Hangi akawa fundi, na fundi muzuri. Ila zaidi ya kushona alisimulia. Wateja walikuja na nguo, wakakaa kwa ajili ya ile habari ya basoda. Mwanzoni taa ilikuwa moja. Baadaye zikawa taa nyingi, halafu buti, halafu komanda mwenye sauti nzito aliyesema, "Mukamate huyo wa mafuta!" Na Hangi anaruka, masasi yanapita juu ya kichwa, anakaa kwenye matete na mufupa nje, hapumui, mpaka wanachoka kumutafuta. Alisimulia vizuri, ndugu yangu. Ule muguu uliopinda ulimupa heshima. Vijana walimuachia kiti kwenye harusi. Riziki alikuwa akimalizia maneno, "Na hakulia!" na watu wote wakapiga makofi.

Mimi pia nilipiga, mpaka duka lilipoibiwa.

Hiyo ilikuwa siku yenye watu waliingia Bihambwe muchana na bunduki. Tulikimbilia mashamba. Tuliporudi duka lilikuwa wazi kama kinywa. Hakuna sabuni, hakuna toroshi, hata mbao za rafu wameng'oa. Mama Kahindo alikuwa ametangulia Butembo na watoto. Nilimukuta Papa Duka peke yake katikati.

"Mama Furaha, keti."

"Nikae wapi, Papa? Hata viti wamebeba."

"Keti chini."

Nikaketi. Akaangalia mikono yake.

"Ule usiku wa Hangi," akasema, "hakukuwa basoda."

"Ilikuwa nani?"

"Ilikuwa toroshi yangu."

Hakusema "ni mimi". Alisema toroshi, kama kwamba ilitembea peke yake. Akaniambia alikuwa anateremuka mbio, na nje ya ule mwanga hakuona kitu, giza la pembeni lilikuwa limezidi kuwa giza. Akasikia vyuma vinaanguka na mawe yanabingirika, akafikiri amevamiwa. Akazima taa, akakanyaga, hakusimama mpaka nyumbani. Wawili hao walikimbiana. Mumoja alifika kitandani, mwengine chini ya bonde.

"Nilijua kesho yake, uliponiambia weye," akasema. "Toka pale natafuta kumuambia. Naenda, namukuta anasimulia. Watu wanamupigia makofi. Nitasema nini? Nimuondolee na hiyo?"

Nikakumbuka sukari yote niliyokunywa, na ile mashini. Sikujua ipi ilikuwa huruma na ipi ilikuwa ya kufunga mudomo, na nafikiri yeye mwenyewe hakujua. Nikamuambia, "Umuambie weye mwenyewe. Mimi siwezi kuwa mudomo wako." Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaondoka kwa miguu na watu wengine waliokimbia.

Alirudi mara nyingi, vita vikipumua. Hakufungua tena duka, alileta tu bidhaa na kurudi. Na kila akirudi alikwenda kwa Hangi, amevaa koti lake, amenyoa ndevu, nami nilijua amekuja kusema. Aliketi, alikohoa, alimuangalia Hangi anakanyaga mashini kwa muguu mumoja, halafu alisema, "Nishonee suruali." Hangi alicheka: "Papa Duka ana suruali kuliko askofu!" Riziki alimuuliza kama anazila. Mimi nilikuwa nakaa palepale, natazama sakafu, namungojea aseme, naogopa aseme. Hangi akianza kusimulia ya basoda, wote wawili tuliinamisha vichwa, muzee kwenye kiti na mimi kwenye mukeka, kama watoto walioiba.

Mara ya mwisho alikuja muzee kabisa. Mama Kahindo alikuwa amekufa. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, hakuendesha tena kinga, na macho yake yalikuwa na utando. Ilikuwa muchana, mashini inalia, na kijana mumoja wa kike, Neema, alikuwa anangojea gauni yake. Hangi akamukaribisha kwa furaha, akamupa pole ya bibi yake. Riziki akaleta chai.

Neema akasema, "Papa Hangi, siku ile hukumaliza. Komanda alisema nini?"

Hangi akavuta pumzi, akaanza. Taa zikatoka juu ya mulima. Buti. Komanda akafungua mudomo.

"Hangi," Papa Duka akasema. "Hawakuwa basoda. Ni mimi."

Muguu wa Hangi ukasimama kwenye mashini.

"Papa, unasema?"

"Ni mimi nilikuwa nateremuka. Na kinga yangu. Na toroshi. Sikuita jina."

"Papa, umezeeka. Basoda walikuwa mingi. Niliona buti zao."

"Nilikuwa peke yangu, mutoto wangu. Nilibeba katoni ya sabuni."

Neema alifikiri ni mizaha ya wazee. Akapasuka kicheko. "Eh, Papa Hangi! Kumbe ulirukia bonde sababu ya sabuni?"

Hakuna aliyecheka naye. Akafunika mudomo. Papa Duka akateremuka kwenye kiti, magoti yakagusa sakafu, muzee yule mbele ya mutoto aliyemuona anakua, na mimi nikageuza uso kwa ukuta kwa sababu hicho si kitu cha kutazama.

"Simama, Papa," nikamusikia Hangi. "Mbele ya wateja wangu hapana."

"Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi nilikimbia basoda. Weye uende nyumbani, upumuzike."

"Hangi..."

"Upumuzike, Papa. Chai iko inapoa."

Hakuinywa. Nilimusindikiza mpaka kwenye moto nimemushika kiwiko. Alikuwa amesema hatimaye, na Hangi amekataa kupokea, kwa hiyo akapanda na muzigo wake uleule. Alikufa kwao msimu uliofuata.

Nilirudi ndani. Neema alikuwa amekwenda na gauni bado haijawekwa mikono. Hangi alikuwa amekaa, nyuzi zimemuangukia mapajani.

"Dada. Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka duka kuibiwa."

Akahesabu kichwani, niliona midomo inatembea: harusi, ubatizo, wateja wote wale.

"Na nilipokuwa nasimulia, ulinicheka?"

"Sikucheka, Hangi. Siku hata moja."

"Afazali ungecheka," akasema. "Nilikuona unaangalia chini. Nikafikiri unanililia muguu."

Riziki akatoka nje na sahani. Mimi sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu.

Baada ya siku chache nikapita pale. Muntu mugeni, mwalimu aliyehamia kutoka Walikale, alikuwa anapimwa kaunda. Akauliza kwa heshima, vile watu wanauliza, "Fundi, huu muguu ni vita?"

Hangi alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Hapana," akasema. "Nilianguka na kinga. Inua mukono."